KILOMITA HAZIKUSHUKA NA WAHYI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, wiki hii mama mmoja kaniandikia kwa huzuni. Miaka mingi akienda kumtembelea mwanawe, safari ya kilomita 82, na alikuwa akikusuru swala njiani kama alivyofundishwa na shekhe wa msikiti wao. Sasa kijana mmoja mwenye simu kamwambia: "Kipimo ni 85. Swala zako zote batili, zilipe!" Mama wa watu hajui aanzie wapi kuhesabu.

Namuuliza kijana huyu na wenzake wanaogombana kila siku kwenye magrupu: hiyo 85 umeitoa wapi? Katika aya? Katika Hadithi? Ukweli ni kwamba umeitoa kwenye kikokotoo.

Sikiliza hesabu yenyewe. Jamhuri ya wanavyuoni, na ndiyo madhehebu yetu ya Shafi'i, wamesema masafa ya safari ni marhala mbili, yaani burudi 4. Burudi moja ni farsakh 4, na farsakh moja ni maili 3. Jumla ni farsakh 16, maili 48. Mpaka hapa hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanza kwenye maili. Maili ni dhiraa ngapi? Ibn Abdil-Barr kasema 3,500. Wahanafi wamesema 4,000. Imam Nawawi kasema 6,000. Na dhiraa yenyewe ni vidole 24, na kidole ni punje 6 za shayiri zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Je, ni shayiri ya shamba gani, na kidole cha nani?

Tuchukue dhiraa ya sentimita 48. Ukizidisha kwa 3,500, maili inakuwa mita 1,680, na safari ni kilomita 80 na ushee. Ukizidisha kwa 4,000, safari ni kilomita 92. Ukizidisha kwa 6,000, ni kilomita 138! Sasa punguza dhiraa iwe sentimita 46.2 badala ya 48: ile 92 inashuka mpaka karibu 89. Tofauti ya kidole kimoja tu imekula kilomita 3, na kilomita 3 ndizo ulizobatilishia swala za mama mzima!

Wako wengine, nao makosa yao ni makubwa zaidi. Wanasoma "maili 48" kwenye kitabu, wanachukua maili ya Kiingereza ya mita 1,609, wanapata kilomita 77, wanatangaza. Ndugu yangu, maili ya mafakihi si maili ya Waingereza. Zimefanana jina tu.

Utasema: "Shekhe, lakini Imam Nawawi kasema kipimo hiki ni kikomo kamili, si makadirio." Naam, kasema, na wengine wakasema ni makadirio. Lakini Imam alikuwa akizungumzia maili na farsakh. Hakuijua kilomita. Ukamilifu ulio katika maili 48 hauhami kwenda kwenye 85 yako, maana katikati yake umeingiza dhiraa ya kukisia.

Na tazama Salaf walivyopima. Imam Malik katika Muwatta kapokea kwamba Ibn Abbas (r.a) alikuwa akikusuru kwa umbali kama wa baina ya Makka na Taif, Makka na Usfan, na Makka na Jidda. Imam Malik akasema hiyo ni burudi 4. Miji mitatu, njia tatu, na leo ukizipima kwa mita ya gari hazilingani. Wao walipima kwa mwendo wa ngamia mwenye mzigo.

Hata hivyo asije mtu akasema, "Basi hakuna kipimo, nikusuru nikienda sokoni." Hapana. Ibn Taymiyya aliyesema hakuna mpaka wa masafa alirejesha jambo kwenye kile ambacho watu wanakiita safari. Sokoni si safari kwa yeyote.

Basi tufanye nini? Safari yako ikizidi kilomita 90, mfano Mombasa kwenda Malindi, kusuru bila wasiwasi. Ikiwa chini ya 75, timiza kwa kauli ya jamhuri. Ikiwa baina ya hapo, fuata mwanachuoni unayemwamini, au timiza kwa tahadhari, kwani kwetu Mashafi'i kukusuru ni ruhusa na mwenye kutimiza swala yake ni sahihi. Pima kwenda tu, usijumlishe na kurudi, na anza kuhesabu baada ya kutoka nje ya mji wako.

Na wewe mama yangu, tulia. Ulimfuata mwenye elimu katika jambo la ijtihadi, na 82 imo ndani ya kauli za wanavyuoni. Hukuamrishwa kulipa swala kwa sababu ya simu ya mtu.

Na wewe kijana, kukusuru ni sadaka ya Allah kwa waja wake, ndivyo alivyotufundisha Mtume (s.a.w). Usiikalie sadaka ya Mola wako mlangoni na rula mkononi.

Wabillahi tawfiq.