Mwenye Kisukari Asiadhibiwe kwa Kula

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukweli wa methali hii niliujua miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni. Wakati wa masomo ya jioni nilimnyang'anya msichana wa kidato cha pili pakiti ya biskuti aliyokuwa akila darasani. Sheria ya shule ilikuwa wazi: chakula huliwa bwaloni. Hakujitetea. Baada ya dakika chache alianza kutetemeka, jasho likamtiririka na maneno yake yakawa hayaeleweki. Wenzake ndio waliojua la kufanya. Mmoja alitoka mbio akamletea maji yenye sukari, nami mwalimu nikabaki nimeduwaa.

Msichana yule alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza. Wengi wetu hudhani kwamba ugonjwa huu huletwa na kula sukari nyingi. La hasha! Aina hii hutokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, inapogeuka na kuziangamiza chembechembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Insulini ikikosekana, sukari hurundikana katika damu badala ya kuupa mwili nguvu. Mgonjwa hakujitakia hali hiyo, wala hawezi kuiponya kwa kujinyima chakula.

Hapo ndipo linapozuka kosa jingine, kubwa kuliko langu. Msichana huyo alipokwenda likizoni, jamaa zake walimshauri aache sindano na ugali, ale mboga tu na kunywa dawa za majani. Hapana shaka walimtakia heri. Hata hivyo, siku chache baadaye alianza kutapika na kupumua kwa shida, akafikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Aliponea chupuchupu.

Historia yatosha kutuonya. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, madaktari hawakuwa na silaha nyingine ila lishe. Nchini Marekani, Daktari Frederick Allen aliwapa wagonjwa wake chakula kidogo mno. Watoto waliongezewa muda wa kuishi, lakini walikonda wakabaki mifupa mitupu, na hatimaye wengi wakafa. Mnamo Januari 1922, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa mahututi, alidungwa insulini mjini humo. Aliishi miaka 13 zaidi.

Je, chakula basi hakina maana? Kina maana kubwa mno, mradi kiandamane na dawa. Ugali, wali, viazi, chapati na uji vyote hugeuka sukari mwilini, hivyo mgonjwa hana budi kuvila kwa kadiri ya insulini anayodungwa. Githeri na maharagwe hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe. Chai iliyokolezwa sukari huipandisha upesi, nayo haimfai ila pale sukari yake imeshuka. Aidha, wapo wanaotumia insulini inayowalazimu kula kwa saa maalumu. Mgeni wa heshima akirefusha hotuba hadi chakula cha mchana kikachelewa, wanafunzi wengine wataona njaa tu, bali huyu aweza kuzirai.

Ninapendekeza basi kwamba kila shule iwajulishe walimu wote na matroni hali ya mwanafunzi wa namna hii, kwa idhini yake na ya wazazi wake. Aruhusiwe kuwa na kumbwe darasani, kupima damu yake na kudungwa sindano bila kuombaomba. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe baada ya dakika 15. Akizirai, asitiwe chochote kinywani. Akimbizwe hospitalini mara moja.

Yamkini atatokea mwalimu wa kusema kwamba tukimruhusu mmoja, wote watataka kula darasani. Namuuliza: mwanafunzi mmoja akivaa miwani, je, darasa zima hudai miwani? Wanafunzi huelewa haki wanapoelezwa. Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu anayejidunga, wala msimshawishi aiache dawa kwa kuwa mmesikia habari za mti fulani unaoponya.

Msichana yule alirudi shuleni na kumaliza masomo yake. Nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa maana mbele ya darasa ndipo nilipomkosea. Walimu wenzangu, tusingoje mtoto aanguke miguuni petu ndipo tuulize alikuwa akiugua nini.