Chumvi haipandi na mvuke

Makala ya kufuga matumbawe kwenye tangi la nyumbani imeeleza vizuri taa na pampu, ila kwenye maji imepita haraka mno.

Mtu wa Ndanda yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka bahari ya Mtwara, hivyo tangi lake huanza na chumvi maalumu ya matumbawe, takriban gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu ya kuyajengea mifupa. Kisha joto la Masasi linakausha maji. Alama ya kalamu kwenye kioo inaonyesha maji yameshuka kidole kimoja, naye anaongeza maji ya chumvi. Hapo ndipo anapoyaua matumbawe! Maji hupaa, chumvi hubaki. Cha kujazia ni maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Newala, ambako ndoo ya maji inahesabiwa, huo ni mzigo wa kweli.

Matumbawe yasing'olewe Msimbati. Pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Mfugaji atafute vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, na joto alishikilie nyuzi 25 au 26: mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka yakafa.