Ghuba ya Tanga: Chombo Kidogo katika Njia ya Meli Kubwa

Kwa miaka mingi bandari ya Tanga ilitegemea matishari. Maji ya gatini yalikuwa machache, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga mbali, ndani ya ghuba, na shehena ikashushwa katika matishari yaliyokokotwa polepole hadi gatini. Wavuvi wa ngalawa, wenye mashua na watu wa boti za matembezi waendao Kisiwa cha Toten au Ulenge waliuzoea utaratibu huo. Tishari lilionekana toka mbali na mwendo wake ulikuwa mdogo. Meli yenyewe ilikuwa imesimama.

Hali hiyo imebadilika. Kazi ya kuchimba bandari iliyoanza mwaka 2019 imeongeza kina cha maji kutoka takribani mita 3 hadi mita 13, na gati zimeboreshwa kwa urefu wa mita 450. Sasa meli hupita ndani ya ghuba na kufunga gatini zenyewe. Tena, bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limewekewa mwisho wake Chongoleani, upande wa kaskazini wa ghuba hiyo hiyo. Haya ni maendeleo ya kujivunia. Lakini desturi iliyomfaa mwenye ngalawa alipokutana na tishari yaweza kumpoteza akutanapo na meli inayotembea. Kwa maoni yangu, elimu ya jambo hili ianzie shuleni, kwa kuwa msingi wake wote ni fizikia.

Tuchukue mfano. Meli yenye tungamo la tani 20,000 inakwenda mita 4 kwa sekunde, yaani karibu noti 8. Momenta yake, ambayo ni tungamo mara kasi, ni sawa na ya malori 133 ya tani 30, kila moja likikimbia kilomita 72 kwa saa. Sasa nahodha anarudisha mashine nyuma. Tuseme kasi inapungua kwa mita 0.02 kwa sekunde katika kila sekunde. Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe: meli itasimama baada ya sekunde 200, ikiwa imekwisha kwenda mita 400. Meli haina breki za kukamata ardhi. Ina maji tu ya kusukuma.

Jambo la pili ni kuona. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinakubali kwamba mbele ya omo pawe na eneo la maji lisiloonekana kutoka chumba cha usukani, mradi lisizidi urefu wa meli mara mbili au mita 500, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa meli ya mita 180, hizo ni mita 360. Mwenye ngalawa anayeliona jengo zima la meli mbele yake anadhani naye anaonekana. Huenda haonekani kabisa.

Jambo la tatu ni mvuto wa maji. Meli ipitapo katika mkondo mwembamba, maji hubanwa kati ya ubavu wake na ukingo, yakaenda kasi zaidi. Na kama Bernoulli alivyoeleza, kasi ikizidi, kanieneo hupungua. Chombo kidogo kilichokaribia mno chaweza kuvutwa kuelekea ubavuni mwa meli.

Sheria ya bahari imejengwa juu ya ukweli huu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zinasema kwa kawaida chombo cha mashine kikipishe chombo cha tanga. Mabaharia wengi wanaijua sehemu hiyo. Lakini Kanuni ya 9 inaongeza kwamba katika mkondo mwembamba, chombo cha tanga, au chombo chochote kifupi kuliko mita 20, kisiizuie meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya mkondo huo. Meli ikipiga honi tano fupi za haraka, inasema: sielewi unalokusudia. Na ukiona meli inakaribia huku upande inakotokea haubadiliki kwa dira, jua kwamba mtagongana msipochukua hatua.

Wako watakaouliza: je, mvuvi ambaye babu zake walivua katika ghuba hii aipishe meli iliyofika jana? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa amri. Kanuni haisemi ghuba ni mali ya nani. Inauliza ni nani awezaye kugeuka. Ngalawa hugeuka katika urefu wake mara chache, na maji machache yanaitosha, meli haiwezi. Ila kwa sababu hiyo hiyo, mwenye ngalawa ana haki ya kuambiwa mkondo unapita wapi, maboya yana maana gani na meli zinatazamiwa saa ngapi. Asiyeambiwa hawezi kulaumiwa peke yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, wakuu wa bandari na wasimamizi wa usafiri wa majini wabandike kanuni hizi, kwa Kiswahili chepesi na kwa michoro, katika kila diko na kila mahali boti za matembezi zinapoanzia safari. Pili, walimu wa fizikia na jiografia wa Tanga na Pangani wawapeleke wanafunzi ufukweni wakiwa na dira na saa. Wapime mwendo wa meli iingiayo, waandike upande inakotokea kila dakika, wachore njia yake. Wengi wao watarudi nyumbani kwa baba na wajomba wanaokwenda baharini alfajiri. Hesabu waliyoifanya mchana itazungumzwa jioni, na huenda ikaokoa mtu kabla jua halijachomoza.