Bahari Ina Mwenyewe

Liko neno moja lililoenea sana katika pwani zetu, na hapa Mafia limeshika mizizi hata watoto wadogo wanalitamka: "Bahari haina mwenyewe." Mvuvi akiulizwa kwa nini amekokota kokoro mahali palipokatazwa, hujibu kwa neno hilo. Mgeni aliyekuja kustarehe na mshipi wake wa fahari akiulizwa anamsumbulia nini samaki asiyetaka kumla, naye jawabu lake ni hilo hilo kwa lugha yake. Kijana akiulizwa kwa nini ameacha chupa na makaratasi ufukweni baada ya matembezi ya Idi, huinua mabega na kusema: "Ah, bahari hii, nani mwenyewe?" Vinywa ni vingi na neno ni moja. Nasi twasema wazi, bila ya kumpendelea mwenyeji wala kumwonea mgeni, kwamba neno hili si la Kiislamu, na kila anayelisema amejipa haki asiyokuwa nayo.

Ndugu Waislamu, bahari inaye Mwenyewe. Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, katika Suratun Nahl ametukumbusha kwamba Yeye ndiye aliyeitiisha bahari ili tupate kula humo nyama mbichi, tutoe mapambo ya kuvaa, na tuone vyombo vikiyakata maji, ili tupate kushukuru. Na katika Suratul Maida ametuhalalishia mawindo ya baharini yawe manufaa kwetu na kwa wasafiri. Zingatia, ndugu msomaji: tumeruhusiwa kula, kujipamba na kusafiri, na mwisho wa yote tumetakiwa shukrani. Hatukuambiwa kwamba bahari ni yetu tuifanye tutakavyo. Aliyekaribishwa chakula hawi mwenye nyumba, na mgeni mwenye adabu hapindui sinia kwa kuwa ameshiba.

MATEMBEZI SI HARAMU

Asije mtu akadhani kwamba twataka kuwafungia watu majumbani. Uislamu haukuja kuvunja furaha za watu. Mtume wetu, Swalla Llahu alayhi wa sallam, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na siku ya Idi alimwacha awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao. Inapokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwahimiza watu wawafundishe watoto wao kuogelea. Basi baba anayewachukua watoto wake jioni kwenda kuogelea pwani ya Kilindoni, au jamaa wanaopanda mashua siku ya Idi kwenda Chole, wakala wakacheka, wakaswali kwa wakati wake na kurudi na taka zao, hao hawana lawama. Huenda wakapata na thawabu, kwani moyo nao huchoka ukahitaji kupumzishwa.

Lawama inamwendea yule ambaye starehe yake humpita Laasiri na Magharibi bila kujali, na yule ambaye starehe yake ni madhara kwa kiumbe kingine. Mtume ametukataza kudhuru na kulipizana madhara. Mipaka ya starehe ni hiyo, na hata asiyesoma chuoni aweza kuifahamu.

SAMAKI WA PICHA

Sasa tuje katika uvuvi wa mchezo. Tangu zama za Waingereza Mafia imejulikana kwa watu wanaotoka mbali kuja kuvua jodari, nguru na sulisuli katika maji makuu ya nje. Mwenye kuvua akala, akalisha au akauza, huyo amefanya lililo halali, awe Mwislamu au asiwe. Maneno yetu ni kwa yule anayemkokota sulisuli kwa nusu saa au zaidi, ndoana ikimchana taya, si kwa njaa wala kwa biashara, bali apigwe picha amemkumbatia na aende akajisifu kwao.

Atasema: "Mimi namrudisha majini akiwa hai, je, hiyo si rehema?" Twamjibu kwamba samaki aliyechoka hivyo hurudi majini akiwa hana nguvu za kumkimbia papa, na wengine hufa baadaye ambapo macho ya mvuvi hayafiki. Na lau wote wangeishi, jambo lenyewe lingebaki pale pale: umemtesa mwenye roho ili ucheke. Mtume ametukataza kumfanya chochote chenye roho kuwa shabaha ya kulengea. Na imepokewa kwamba hata ndege mdogo aliyeuawa bila manufaa atamshitaki muuaji wake mbele ya Mola wake Siku ya Kiyama. Wanavyuoni wamesema kuwinda kwa mchezo tu, bila haja ya kula wala kunufaika, ni jambo la kuchukiza, na wengine wamelitia katika haramu. Iwapo ndege mdogo ana mashitaka, sulisuli mwenye urefu wa kumshinda mtu atanyamaza?

Mgeni asiyejua dini yetu ana udhuru wake. Lakini vijana wetu walioanza kuona kwamba hiyo ndiyo alama ya ustaarabu, hawana udhuru. Babu zao walivua kwa mshipi na dema, wakachukua cha sufuria na cha jirani, wala hawakuona fahari katika mateso.

PAPA POTWE

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi kiasi cha Machi, Mwenyezi Mungu hutuletea karibu na Kilindoni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Pamoja na ukubwa wake hamdhuru mtu. Hufungua kinywa akachuja maji, akala vikamba na vijidudu vidogo vidogo. Wazee wetu wamemwita pia papa shilingi kwa sababu ya madoa yake meupe yaliyotapakaa mgongoni kama sarafu. Sasa wako wanaomwita shilingi kwa maana nyingine kabisa: wanaona fedha tu ikielea.

Kumwonyesha mgeni kiumbe huyu ni kazi ya halali, na mwenye mashua apate ujira wake. Lakini mashua zikimzingira kutoka pande zote, mashine zikinguruma, watu wakimrukia kichwani, wakimshika mapezi na kumfukuza anapozama, hapo ujira unaingiwa na dhuluma. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa dunia wamemweka katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Nahodha mwenye akili ataona kwamba kumkimbiza leo ni kuwanyima wanawe kesho. Na nahodha mwenye imani ataona zaidi ya hilo: mnyonge huyu hana ulimi wa kushitaki duniani, basi mashitaka yake yamewekwa akiba.

NA SISI JE?

Ni rahisi kumsema mgeni. Aliye mgumu kusemwa ni ndugu yetu, tunayekaa naye safu moja msikitini. Kwa miaka mingi kabla ya hifadhi kuwekwa, baruti ililia katika maji ya Mafia. Sheria ya mwaka 1970 iliikataza, na ya mwaka 2003 ikaikataza tena. Na baruti si uvuvi, ni uharibifu. Mlipuko mmoja hupasua matumbo ya samaki wakubwa na wadogo, wengi huzama chini wasiokotwe, na tumbawe lililojengeka kwa miaka mingi sana huwa kifusi kwa nukta moja. Wengine tuliyang'oa matumbawe hai tukayachoma chokaa ya kujengea majumba. Tena mwaka 1998 joto la bahari likayaua matumbawe mengi ya Mafia, msiba ulioikumba Bahari ya Hindi yote. Ngome iliyokwisha kupigwa na joto haifai kupigwa na wenyewe walioko ndani.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba baruti imepungua sana. Lakini fikra iliyoizaa ingali hai, imebadili kanzu tu. Leo iko katika kokoro linalokwangua majani ya bahari ambamo samaki hulelewa, na katika nyavu za macho madogo mno zisizomwacha mkubwa wala mchanga. Dagaa ni dagaa, Mungu amewaumba wadogo, wala hatuna neno nao. Lakini changu wa urefu wa kidole si dagaa. Huyo ni mtoto aliyekatwa kabla ya kuzaa.

Hapa husemwa: "Riziki imeandikwa, samaki hawaishi kwa kuvuliwa." Hii ni kweli iliyotumiwa vibaya. Riziki imeandikwa, na uharibifu nao umekatazwa. Katika Suratur Rum Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Hakuyasingizia majaaliwa, ameitaja mikono. Mtu achomaye shamba lake kisha akalia kwamba mvua haikunyesha, amemdhulumu nani ila nafsi yake?

"HIFADHI NI YA WAGENI"

Iko hoja yenye uzito kuliko hiyo, na haifai kuipita kwa dharau. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliwekwa mwaka 1995, ikawa ya kwanza nchini, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1994. Eneo lake ni kilomita za mraba 822, na ndani yake wamo watu wa Chole, Juani, Jibondo na Utende waliokuwako karne nyingi kabla ya ramani hiyo. Wazee wengi waliipokea kwa furaha kwa sababu ya kuchoshwa na baruti. Baadaye wengine walinung'unika kwamba mvuvi wa mtumbwi anazuiliwa pale ambapo mgeni anapiga mbizi kwa raha, na kwamba faida inapita mbele ya mlango wao bila kuingia.

Twasema manung'uniko hayo yana haki ya kusikilizwa. Mwenye mshipi mmoja na watoto sita si sawa na mwenye baruti, na msimamizi anayewatia katika kapu moja amekosa uadilifu. Bahari iliyozuiliwa kwa maskini ikafunguliwa kwa mwenye fedha si amana iliyohifadhiwa, ni amana iliyobadilishwa mikono. Wanaosimamia wajue kwamba nao wataulizwa.

Lakini, ewe ndugu mvuvi, dhuluma ya mwingine haikuhalalishii ya kwako. Ukiona umeonewa, nenda katika mkutano wa kijiji useme, andika, dai mbele ya wakubwa. Ukichukua kokoro usiku ukaenda kuharibu mazalio, hukumwadhibu mgeni. Mgeni atapanda ndege aende zake. Atakayeamka na njaa ni jirani yako.

MJI WA PWANI

Katika Suratul Aaraf kimetajwa kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na kwa mtihani wa Mwenyezi Mungu samaki wakawa wanawajia waziwazi siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaonekani. Wako waliovuka mpaka. Wako waliowakataza. Na wako waliowaambia wale wenye kukataza: "Mwawaonyeia nini?" Ilipokuja adhabu, waliotajwa kuokoka ni wale waliokataza.

Sisi ni watu wa mji wa pwani. Samaki nao wamejaa pale pale palipokatazwa, kwa sababu ndipo wanapostarehe. Mtihani ni ule ule, na makundi ni yale yale matatu. Kila mmoja wetu ajitazame yuko wapi. Mwenye kununua samaki aliyevuliwa kwa haramu huku akijua, asijidanganye kwamba yuko nje ya kisa.

Kwa hiyo neno letu la mwisho linaingia majumbani. Mama mwenye jiko ndiye hakimu ambaye hakuna mvuvi awezaye kumkwepa. Yeye anamjua samaki wa baruti kwa nyama yake iliyolegea ikaachana na uti wa mgongo, na damu iliyovilia tumboni. Anawajua samaki wachanga wa kokoro kabla hajafika bei. Akikataa yeye, na jirani yake akakataa, kokoro litaoza juu ya mchanga bila askari hata mmoja. Baba awafundishe wanawe kuogelea na kuvua kwa mshipi, na awafundishe pamoja na hayo kumrudisha mchanga na kumhurumia asiyeliwa. Imamu aitaje bahari katika hotuba ya Ijumaa, kwani nusu ya safu zake zinaishi kwayo. Mwenye mashua amwambie mgeni kwa adabu: huyu tunamtazama, hatumshiki.

Pale Juani yako magofu ya Kua, na misikiti yake imebaki kuta. Kule Kisimani bahari imekwisha kuyala mengi ya mji wa kale. Walikuwako watu kama sisi, wenye vyombo na fahari, wakiona kwamba pwani ni yao. Wameondoka, na Mwenyewe yupo. Nasi tutaondoka, na tutaulizwa tumeirudisha amana katika hali gani.

Ewe Mola wetu, Mwenye bara na bahari, tujaalie riziki ya halali, utupe starehe isiyo na dhuluma, na utufanye miongoni mwa wenye kukataza maovu, wala usitufanye miongoni mwa walionyamaza. Amin.