Njia Hiyo Si Tupu

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuligawiwa kijitabu cha kuvutia wageni waje kuendesha baiskeli huku kwetu magharibi mwa Uganda. Kilisifu barabara za changarawe zilizo mbali na magari, zinazopita vijijini chini ya milima ya Rwenzori. Mwenzetu mmoja, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, alitafsiri sehemu hiyo kuwa "njia tupu". Darasa likakubali. Mimi nilinyamaza, na tangu siku ile najuta. Makala hii ndiyo mkono niliopaswa kuunyoosha.

Nimezaliwa Bwera. Njia hizo nazijua kwa miguu, kwa baiskeli na kwa makovu ya magoti. Sijawahi kuziona tupu. Siku ya soko la Mpondwe, kabla jua halijachomoza, njia inayoshuka kutoka vilimani huwa imejaa: wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani, watoto na madumu ya maji, mbuzi wanaovutwa kwa kamba na kukataa, na wanaume walioshika baiskeli zenye magunia ya kahawa au makaa. Nasema walioshika, si waliopanda. Baiskeli ya mizigo huku kwetu haiendeshwi mlimani. Mtu hufunga fimbo kwenye usukani ili aiongoze akiwa pembeni, kisha akaizuia kwa mwili wake mteremko wote, kama anayemzuia ng'ombe asikimbie. Sasa niambieni, utupu uko wapi hapo? Kijitabu kilisema hakuna magari. Sisi tukasoma kwamba hakuna watu. Hilo si kosa la sarufi, maana sarufi tungeirekebisha kwa dakika moja. Ni kosa la macho.

Tena njia hizohizo zina jina jingine. Zile zinazovuka mto Lhubiriha kuingia Kongo pasipo kupita kwenye lango la mpaka huitwa njia za panya. Mgeni akipita na baiskeli yake yenye matairi mapana, ni njia tulivu. Shangazi yangu akipita na kapu la samaki kwenda kwa dada yake upande wa Kasindi, ambako watu wanaitwa Wanande na lugha yao ni yetu ya Kikonzo kwa jina jingine, yeye ni panya. Najua sababu ya serikali kuzitazama kwa jicho kali. Juni 2019 Ebola iliingia Bwera na familia iliyotoka Kongo, na hospitali yetu ikapokea wagonjwa wa kwanza nchini wa mlipuko ule. Sibishani na ulinzi wa afya. Nabishana na mizani: haiwezekani njia moja iwe kivutio asubuhi na kosa la jinai jioni, kulingana na bei ya baiskeli inayoipita.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni barabara ya lami.

Kutoka Kasese unashuka kusini hadi Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, halafu unakata kulia kuelekea Kinyamaseke, Bwera na Mpondwe. Ni barabara nzuri. Wanasiasa huitaja kila uchaguzi. Malori na matrela ya kwenda Kongo hupita humo mchana na usiku, na yakifika Mpondwe hupanga foleni ndefu. Mwendesha baiskeli hana sehemu yake. Ana ule ukingo wa lami, ambao mahali pengine umeliwa na maji ya mvua ukabaki kama meno, na chini yake kuna mtaro. Baba yangu alibeba ndizi katika barabara hiyo kwa miaka mingi. Jioni moja trela lilipiga honi nyuma yake, naye akafanya kile ambacho kila mwenye baiskeli hufanya: akaupisha mwili na mzigo mtaroni. Dereva hakusimama. Labda hakujua. Mguu wa kushoto wa baba ulivunjika mara mbili, ukaunganishwa vibaya, na tangu hapo hapandi tena. Waliokuja kumpa pole walisema ni bahati mbaya. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alimwambia, "Ungekuwa na pikipiki ungekimbia." Baba akacheka. Mimi sikucheka.

Fikra hiyo ya mzee ndiyo ninayoipinga, maana hata hapa chuoni nimeisikia, kwa maneno yaliyopigwa pasi. Tunaambiwa baiskeli ni hatua ya umaskini ambayo mtu huipita: kwanza miguu, kisha baiskeli, pikipiki, gari. Barabara ikijengwa, inajengwa kwa ajili ya yule aliyefika mwisho wa ngazi. Aliyeko chini avumilie hadi apande. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba neno ambalo Afrika Mashariki imeupa ulimwengu wa usafiri, boda boda, lilizaliwa juu ya baiskeli. Ni vijana wa mpaka wa Busia waliowabeba wasafiri kwenye keria kutoka kituo cha Uganda hadi cha Kenya, wakinadi "boda, boda". Pikipiki zilirithi jina baadaye, pamoja na abiria.

Tena tuliwahi kuonja jinsi ingekuwa. Mwisho wa Machi 2020, kwa ajili ya korona, serikali ilizuia magari ya abiria na ya watu binafsi, na pikipiki zikakatazwa kubeba watu. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, lakini hata hivyo barabara yetu ilipumua. Baiskeli zilitoka vichochoroni na kwenye mabanda ya kuku. Niliona mwalimu wangu wa shule ya msingi, mama wa makamo, akiendesha kutoka Kiburara na kikapu mbele, na hakuna aliyemcheka. Sisemi turudi kwenye korona! Nasema tuliona kwa macho kwamba watu hawakuikimbia baiskeli kwa sababu ya aibu peke yake. Waliikimbia kwa sababu ya woga, na woga ule una magurudumu kumi na manane.

Wapo watakaosema: basi waendesha baiskeli watumie hizo njia za changarawe, wawaachie wenye injini lami. Hapo ndipo mtego ulipo. Njia ya changarawe ya kutoka Kyarumba haina magari kwa sababu mvua kubwa huikata, si kwa sababu mtu aliamua kuwapa wapita njia utulivu. Utulivu ule ni wa kusahauliwa. Siku ikichongwa vizuri, malori ya mchanga yatafika kabla ya wiki kwisha, na mwenye baiskeli atasukumwa mtaroni huko nako. Tunachokihitaji ni njia iliyotengenezwa, na bado ikawa haina malori. Hicho hatujawahi kupewa.

Wengine wamekipata. Huko Uingereza, kati ya Bristol na Bath, reli iliyokufa iligeuzwa njia ya miguu na baiskeli tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nasi tuna reli iliyolala. Ilifika Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba ya Kilembe. Machimbo yakasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, treni zikafuata, na leo vipande vya tuta lake ni malisho ya mbuzi. Najua kuna ramani za reli mpya itakayofika hadi Mpondwe, na ikija nitaipanda kwa furaha. Lakini kwa nini tuta la zamani lisitumike wakati tunasubiri, angalau pale linapokaribia mji, ili mtoto wa shule apite bila kugusa lami?

Wala siwachukii wageni wa changarawe. Kenya ina mashindano ya Migration Gravel Race huko Maasai Mara tangu 2021, na waendeshaji wetu wa Afrika Mashariki wamepata pa kupimana nguvu na wa Ulaya na Marekani. Ikiwa fedha za wageni zitaleta daraja la miguu juu ya Nyamugasani, karibuni sana, tutawapa ndizi. Ila daraja lipimwe kwa upana wa gunia la kahawa kwenye keria, si kwa upana wa usukani wa mgeni.

Nakiri pia kwamba sina jibu kwa kila kitu. Rafiki yangu mwenye boda boda aliniuliza: njia ikifungwa kwa injini, mjamzito wa kule juu atashukaje usiku? Ana haki. Mimi nafikiri fito mbili za chuma zilizopandwa mwanzoni mwa njia zingezuia lori na kuruhusu pikipiki, lakini pikipiki nazo zina madereva wao, na baadhi yao nawajua. Tubishane juu ya hilo. Lingekuwa bishano zuri kuliko lile la njia tupu.

Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ya Uganda ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ya watembeao na waendeshao baiskeli. Ipo, imeandikwa kwa Kiingereza. Sijawahi kuiona kwa Kiswahili wala kwa Kikonzo, na baba hakujua kwamba ipo hadi nilipomsomea. Aliniomba nirudie ukurasa mmoja mara mbili. Kwa hiyo namwomba mhadhiri wetu wa tafsiri, kwa heshima zote: muhula ujao tugawie hiyo. Mimi nitachukua sehemu ya vijijini.