Kipaji Hakichori Mkono

Katika sebule nyingi za Waswahili wanaoishi Toongabbie, magharibi mwa Sydney, kuna kauli moja inayoua mjadala kabla haujaanza. Binti wa mwaka wa mwisho wa sekondari amefungua daftari lake la michoro mezani. Chai imemiminwa, mjomba kaja kusalimia. Binti anasema anataka kwenda chuo cha sanaa kusomea uchoraji wa vielelezo: picha za vitabu vya watoto, majalada, vibonzo, michoro ya magazeti. Baba anafunua kurasa taratibu, uso umejaa fahari ya kweli, kisha anatoa hukumu: "Mama, kuchora ni kipaji. Wewe unacho tayari, Mungu kakupa. Chuo kitakufundisha nini tena? Soma uuguzi, picha utachora jioni."

Baba huyu hana ubaya wowote moyoni. Lakini alichosema si kweli, na kwa kuwa kimesemwa kwa upendo, kinapita bila kupingwa.

Toongabbie iko kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji, kati ya Parramatta na Blacktown. Kitongoji jirani, Girraween, kina sekondari ya serikali inayochukua wanafunzi kwa mtihani wa mchujo, na mitihani ya aina hiyo imezaa biashara kubwa ya masomo ya ziada katika eneo zima. Jumamosi asubuhi watoto wa miaka tisa na kumi wanashushwa kwenye magari wakiwa na mabegi ya hesabu mgongoni. Wazazi wa Kihindi, wa Kitamil, wa Kichina na wa Kiafrika wanalipa, na wanalipa bila kunung'unika. Hakuna hata mmoja wao anayesema kwamba hesabu ni kipaji na mtoto asiyekuwa nacho aachwe. Mtoto akikwama kwenye hesabu za sehemu, anatafutiwa mwalimu. Mtoto huyohuyo akikwama kwenye kuchora kiwiko, anaambiwa hakujaliwa.

Waswahili wana neno la zamani kwa mtu anayejifunza kazi ya mkono: mwanagenzi. Mwanagenzi wa useremala hukaa kwa fundi, akafagia takataka za randa, akashika msumeno kwa woga, akaharibu mbao, akafundishwa tena. Milango ya Zanzibar na ya Lamu ilichongwa na watu waliopita njia hiyo. Hakuna anayesimama mbele ya mlango wa nakshi akadai kwamba aliyeuchonga alizaliwa na patasi. Kwa nini basi penseli itolewe nje ya kanuni hii?

Historia ya Toongabbie yenyewe inalijibu swali hilo. Mwaka 1791, katika nchi ya Wadarug, wenyeji wa asili, utawala wa Kiingereza ulianzisha hapo shamba la serikali lililolimwa na wafungwa, na mwaka 1797 shujaa Pemulwuy aliongoza mashambulizi ya wenyeji dhidi yake. Moja ya picha za kale za mahali hapo ilichapishwa London mwaka 1798 katika kitabu cha David Collins kuhusu koloni hilo, na wachunguzi wa sanaa wanaihusisha michoro ya kitabu hicho na mfungwa aliyeitwa Thomas Watling. Huyu alikuwa mwalimu wa kuchora mjini Dumfries, Scotland, akiendesha darasa lake mwenyewe. Alihukumiwa kwa kughushi noti za benki, akapelekwa Sydney mwaka 1792, na mara moja akakabidhiwa kwa John White, daktari mkuu wa koloni, ili amchoree ndege, mimea na watu wa nchi ile mpya. Koloni lilikuwa na njaa, lakini lilimtafutia kazi mtu anayejua kuchora. Mkono uliofunzwa ulimpeleka gerezani, na mkono huohuo ukamfanya atafutwe alipofika.

Na mkono ndio mahali pazuri pa kuupimia uzushi huu wa kipaji.

Mwambie mtu yeyote mwenye "kipaji" achore kiganja kilichonyooshwa kuelekea macho yake. Atachora vidole vitano kama ndizi kwenye chane, kwa sababu anachora anachokijua wala si anachokiona. Mwalimu anamwekea mkono wa kweli mbele na kuanza kumwonyesha. Vifundo vya vidole havikai kwenye mstari ulionyooka, vinapinda kama upinde. Kidole gumba hakikai bapa pamoja na wenzake, kimegeukia upande mwingine. Kidole kinachokujia machoni hakina urefu tena, kimekuwa duara juu ya duara, na ncha yake inaweza kuwa kubwa kuliko shina lake. Mwanafunzi anachora kwa makaa, sekunde thelathini. Anafuta kwa kitambaa, anachora tena, dakika mbili. Halafu dakika ishirini. Wiki nzima mikono. Mwezi wa pili ndipo vidole vinapoanza kushika kitu. Kilichobadilika ni macho, na macho yalibadilishwa na mtu aliyesimama nyuma ya bega akisema "angalia tena".

Hayo ndiyo yanayofanyika katika Shule ya Taifa ya Sanaa iliyoko Darlinghurst, ndani ya kuta za mawe za gereza la zamani, ambako kuchora kwa macho ni msingi wa masomo. Na mchoraji wa vielelezo ana mengi zaidi ya kujifunza baada ya kuujua mkono. Kitabu cha picha cha watoto kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa kwa hesabu hiyo. Hadithi lazima igawanywe ndani yake. Mchoraji huanza na vijipicha vidogo kama stempu, kitabu kizima kwenye karatasi moja, apate kuona pale ambapo msomaji atafunua ukurasa na kushtuka. Uso wa mhusika hauwekwi katikati ya mkunjo, utamezwa na gundi. Msichana wa ukurasa wa 3 lazima awe msichana yuleyule ukurasa wa 29, kwa pua ileile na sikio lilelile, hata kama sasa ameonekana kwa nyuma na mvua inanyesha. Kisha kuna mkataba: je, mchapishaji amenunua haki zote za picha, au amepewa ruhusa ya kuitumia mara moja tu? Kipaji hakijui mkataba. Wapo wachoraji wengi wa Kiafrika walioziuza picha zao moja kwa moja kwa bei ya nauli, kisha wakaziona kwenye fulana na vikombe.

Hapo ndipo mtu husimama na kumtaja Tingatinga. Hakusoma chuo chochote, watu husema, na dunia nzima inamjua.

Ni kweli kwamba Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, hakuingia chuo cha sanaa. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mnamo 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya mbao za kubandika, kwa rangi za kung'aa zilizotumika kupaka baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alichora kwa miaka minne tu. Kama sanaa yake ingekuwa kipaji kilichofungwa ndani ya kifua cha mtu mmoja, ingezikwa naye. Haikuzikwa kwa sababu Tingatinga alikuwa na wanagenzi: nduguye Simon Mpata, January Linda, Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na wengine. Aliwaketisha karibu naye, akawafundisha kupaka rangi ya nyuma kwanza na kuiacha ikauke, kisha umbo la mnyama, kisha madoa. Nao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga ambaye vitabu vyake vya picha vimesomwa na watoto wa Ulaya kwa lugha zao, alijifunza ndani ya mkondo huohuo. Wanaomtaja Tingatinga kama ushahidi kwamba sanaa haifundishwi wanamtaja mtu aliyeacha nyuma yake shule nzima.

Kuna jambo zito zaidi, na wazazi wa Kiafrika hasa wanapaswa kulijua. Imani kwamba Mwafrika huchora kwa damu, kwamba kumfundisha ni kumharibu, ina historia, na si historia ya kujivunia. Mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake mwaka 1946. Hakutaka vijana wake waone mbinu za Ulaya. Aliwaambia waangalie porini na kumbukumbu zao. Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, walifanya kazi za kupendeza mno, na utukufu huo ni wao. Lakini aliyeamua nini wajue na nini wasijue hakuwa wao. Kampala pia, Margaret Trowell, aliyeanzisha madarasa ya sanaa nyumbani kwake mwaka 1937, alifundisha kwa moyo na kuijengea Makerere shule, huku akihofu kwamba mafunzo ya Kizungu yangefuta asili ya wanafunzi wake. Alipostaafu mwaka 1958 akaja Cecil Todd na somo la historia ya sanaa ya dunia, nadharia ya rangi, kuchora mwili wa binadamu. Wapo wanaobishana hadi leo ni nani kati yao alikuwa sahihi. Lisilobishaniwa ni kwamba mwanafunzi aliyeonyeshwa njia zote mbili alikuwa na la kuchagua. Sam Ntiro alitoka Makerere akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, kisha akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza, na picha zake zikabaki za Kilimanjaro, za migomba na watu wa kijijini kwao.

Kwa hiyo baba wa Toongabbie anaposema "unacho tayari", anarudia, bila kujua, hoja ya mlinzi wa mlango, yule anayeamua nani ajue nini.

Australia ina mfano ambao wapinzani wa chuo wanaupenda: Shaun Tan, mchoraji wa vitabu vya picha aliyeshinda Oscar mwaka 2011 na mwaka huohuo akapata tuzo ya Astrid Lindgren. Hakusomea vielelezo. Ni kweli, lakini alisoma sanaa na fasihi katika Chuo Kikuu cha Western Australia, na baba yake, mhamiaji kutoka Malaysia, alikuwa msanifu majengo. Kitabu chake kisicho na maneno kuhusu mhamiaji, The Arrival cha 2006, kilimchukua miaka ya kazi, akichunguza picha za zamani za wahamiaji waliofika New York. Beatrix Potter, mchoraji wa vitabu vya watoto wa Uingereza, naye husifiwa kuwa hakwenda shule, na wanaomsifu huruka mwalimu wa kuchora aliyeletwa nyumbani na wazazi wenye uwezo. Mtoto wa tajiri hufundishwa bila jengo kuitwa chuo. Mtoto wa dereva wa basi na mhudumu wa wazee hana jengo jingine isipokuwa chuo.

Suala la fedha ni la haki, na ni aibu kulikwepa. Mchoraji wa vielelezo wa Australia mara nyingi hushika kazi ya pili kwa miaka mingi. Tena, mkopo wa serikali wa ada za chuo kikuu hutolewa kwa raia na kwa walioingia kwa viza ya kibinadamu. Familia nyingi zenye ukaazi wa kudumu tu hulazimika kulipa ada papo hapo au kungoja uraia. Haya yahesabiwe mezani kwa kalamu na karatasi. Anayepata mkopo huo haanzi kuurejesha mpaka kipato chake cha mwaka kivuke kiwango kilichowekwa (dola 67,000 kwa mwaka wa fedha ulioanza Julai 2025), na yapo pia masomo ya TAFE, vyuo vya ufundi vya serikali. Baba akimwambia binti, "Mwanangu, nimepiga hesabu, mwaka huu hatuwezi," amesema jambo la kweli, na binti anaweza kupanga nalo. Kumwambia chuo hakina cha kumpa ni kumfungia mlango kwa maneno ya sifa.

Na chuo si cha wanaoanza tu. Gado, mchora katuni anayesomwa Afrika Mashariki nzima, aliingia gazeti la Nation mwaka 1992 akitokea masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam. Mwaka 2000, jina lake likiwa kubwa tayari, alikwenda Vancouver kusomea filamu na katuni zinazosogea. Aliketi darasani na daftari kama wanafunzi wengine.

Treni ya kutoka Toongabbie kwenda mjini hupita Jumamosi pia, saa zilezile za masomo ya ziada ya hesabu. Jumba la Sanaa la New South Wales halitozi kiingilio cha jumla, na kila mwaka kazi za wanafunzi waliomaliza sekondari huonyeshwa katika maonyesho ya ARTEXPRESS. Binti aende na daftari lake, na baba aende naye, akae kwenye benchi akimtazama anavyochora. Abebe penseli: majumba mengi ya sanaa huruhusu penseli ndani, wino hubaki kwenye begi.