WALIMU WANAWAKE WA VYUO VIKUU NI WACHACHE: JAMBO HILI LATUHUSU



Wengine watauliza, "Mambo ya maprofesa yatuhusu nini sisi watu wa reli?" Yatuhusu sana. Karo ya chuo kikuu inatoka katika mishahara yetu. Mabinti zetu ndio wanaokwenda kusoma huko. Tena mwalimu wa chuo ni mfanya kazi kama sisi: ana mwajiri, ana daraja, ana mshahara, na ana chama. Palipo na mfanya kazi anayepunjwa, sisi hatuwezi kusema kwamba si shauri letu.

Kwanza tutazame hesabu. Shirika la UNESCO lilihesabu walimu wa dunia nzima kwa mwaka wa 2018. Katika kila walimu 100 wa shule za msingi, wanawake walikuwa 66. Katika shule za sekondari walikuwa 54. Katika elimu ya juu walikuwa 43. Yaani ngazi ikipanda, wanawake wanapungua. Kwetu Kenya ni vivyo hivyo, na zaidi. Katika shule za msingi walimu wanawake wamepita nusu, lakini katika vyuo vikuu hesabu za miaka iliyopita ziliwaweka karibu na watatu tu katika kila kumi. Na kutoka uhadhiri hadi uprofesa wanapungua tena.

Sisi watu wa reli, gari likitoka Mombasa limejaa abiria likafika Nairobi na mabehewa matupu, hatusemi kwamba abiria walichoka kusafiri. Twauliza, wameshuka stesheni gani, na nani aliwashusha?

Stesheni ya kwanza ni nyumba na posho. Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi habari za miili ya wanyama. Lakini katika miaka ile mwalimu mwanamke mwenye mume hakupewa haki sawa na mwanamume wa daraja lake katika mambo kama nyumba. Hoja ilikuwa kwamba mume wake atamtunza. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walikataa. Walidai haki sawa, na walijaribu kukigeuza chama cha walimu kiwe chama cha wafanya kazi hasa. Angalieni hoja ile ya mwajiri, ndugu zangu. Mshahara si sadaka ya kumsaidia mhitaji. Mshahara ni malipo ya kazi iliyofanywa. Siku tutakapokubali mwajiri achungulie nyumbani kwetu kuona nani atatulisha, ndipo atakapopunguza mshahara wa kila mtu.

Stesheni ya pili ni uzazi. Sheria ya kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama miezi miwili ya likizo ya uzazi, lakini ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka ule, kana kwamba kuzaa ni kupumzika. Sheria ya mwaka 2007 ilirekebisha jambo hilo: miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haipotei. Hayo ni maendeleo. Lakini kupanda cheo chuoni kwataka shahada ya udaktari, na kwataka utafiti na maandiko yaliyochapishwa. Miaka ya kufanya hayo ndiyo miaka ya kulea watoto. Mwanamume huandika usiku huku mkewe akimpikia. Je, mwanamke aandike saa ngapi?

Stesheni ya tatu ni ukibarua. Wako walimu wengi wa vyuo wanaolipwa kwa saa, na malipo yenyewe hukawia miezi na miezi. Hawana likizo ya kulipwa wala ngazi ya kupanda. Mama mwenye mtoto mchanga akianguka humo, kutoka ni kazi kubwa. Nasi twajua ubaya wa ukibarua, hatuhitaji kuelezwa.

Wako wanaosema kwamba wanawake hawawezi kazi hizo. Hao hawakutazama. Micere Mugo alichaguliwa mkuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1980. Olive Mugenda alishika uongozi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2006, mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma katika Kenya. Lakini chuo kikuu cha Nairobi kilipata hadhi yake kamili mwaka 1970. Kutoka hapo hadi 2006 ni miaka 36. Basi aulizwe aliyefunga mlango, asiulizwe aliyekaa nje.

Wengine husema kwamba mwanamke akipandishwa, mwanamume amekosa nafasi. Hiyo ni hesabu ya mwajiri, si yetu. Mfanya kazi wa bei rahisi ndiye anayetumiwa kushusha bei ya wenzake. Akilipwa sawa, hakuna wa kutushusha naye.

Walimu wa vyuo vikuu waligoma mwaka 1993 wakitaka chama chao kiandikishwe, wakakataliwa. Hawakuchoka, na mwaka 2003 kikaandikishwa. Sisi twawaomba wenzetu hao, katika mapatano yao na waajiri, wasidai mshahara peke yake. Wadai na haya:

1. Kila chuo kitangaze kila mwaka hesabu ya walimu wake, wanaume na wanawake, daraja kwa daraja.

2. Miezi ya uzazi isihesabiwe dhidi ya mama anapotaka kupandishwa cheo.

3. Kila chuo kiwe na mahali pa kunyonyeshea, kama Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inavyotaka, na mahali pa kulelea watoto.

4. Mwalimu wa kibarua aliyefanya kazi ya kudumu aandikwe kazi ya kudumu.

Na wewe mwanachama, una kazi yako. Wako kati yetu wanaopiga makofi katika mikutano, lakini karo ikipungua nyumbani, binti ndiye anayeachishwa masomo kwanza. Profesa haanzi chuoni. Anaanza mezani kwako, siku unapogawanya mshahara. Gawanya kwa haki.

Umoja ni nguvu.